Mtani Wetu wa Maabara

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha saluni mjini Tabora, kitambaa shingoni, nikingoja kupakwa rangi ya kufunika mvi. Binti wa saluni alifungua kichupa, na kabla hajakifikisha kichwani kwangu harufu ilishanifikia, ile harufu kali inayopanda puani na kutafuta njia ya kutokea machoni. "Vumilia, mama, ni harufu tu," akasema. Machozi yalinitoka. Alidhani ni ya dawa, nami nikamwacha adhani hivyo. Nina tabia hiyo ya kuwaacha watu wadhani wanachotaka, na leo nataka nikusimulie ilianzia wapi, kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Harufu ile ni ya amonia. Niliijua nikiwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili, katika shule ya kutwa ambayo nitaiacha bila jina. Kwetu kulikuwa Ipuli, mtaa wa hapohapo mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na sare za shule barazani, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza kuvuka darasa la saba. Alijivunia jambo hilo mpaka likawa kero. Mteja aliyekuja kupimwa suruali alilazimika kwanza kusikia kwamba Zuhura anasoma kemia, na asipoonyesha kushangaa alielezwa tena kemia ni kitu gani, ingawa baba mwenyewe hakujua.

Baba huyohuyo alikuwa na upande wa pili. Muhula uliotangulia aliitwa shuleni kwa sababu ya utoro wangu. Tulirudi nyumbani, yeye akikokota baiskeli, na tulipofika mlangoni alisema kwa sauti ya chini kwamba siku shule itakapomwita tena kwa makosa yangu, nitafunga virago kwenda kwa shangazi Igunga nikapande mpunga. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji na kabati la mninga lililogoma kufungika vizuri. Mwalimu wa kemia, Madamu Rehema, alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, naye alifundisha madarasa yote, kwa hiyo muda mwingi alikuwa njiani kati ya darasa na darasa. Mtawala wa maabara alikuwa mhudumu wake, Mzee Ndahani. Hakuwa na cheti. Alianza kwa kuosha chupa, akaendelea kuosha chupa miaka na miaka huku akisikiliza walimu, mpaka akafika mahali ambapo walimu wapya walimsikiliza yeye. Koti lake jeupe lilikuwa na matundu madogomadogo ya asidi, na kila tundu lilikuwa na hadithi.

Mzee Ndahani alikuwa Mgogo, na sisi wengi wetu tulikuwa Wanyamwezi. Mtu wa Tabora hahitaji maelezo zaidi, ila kwa wengine niseme kwamba zamani za misafara babu zetu walipita Ugogo na mizigo wakielekea pwani, na Wagogo waliwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa maji. Ugomvi uliisha, ukabaki utani. Mtani wako anaweza kukukejeli mbele ya wakwe zako, akakuchukulia kofia kichwani, nawe huna ruhusa ya kununa.

Basi siku za vitendo Mzee Ndahani alisimama mlangoni pa maabara, mikono kiunoni. "Mbukwenyi, wapagazi!" alitusalimu kwa Kigogo. "Hongo kwanza! Hapa ni Ugogo, hapiti mtu na mzigo wake bure."

Hongo ilikuwa kukunja mikono ya sweta, kufunga kamba za viatu na kuacha nje chochote cha kutafunwa. Asiyelipa hakuingia, hata angekuwa mtoto wa mkuu wa shule. Nasi tulimjibu kwamba yeye ni mwizi wa maji na ukoo wake wote. Alicheka, kisha akatutishia kwa maneno ambayo tuliyasubiri kila wiki: "Iko siku, Wanyamwezi, nitafungua chupa zangu zote niwamalize, nchi ipumue!" Tulipiga makofi. Hatukuwa na karatasi yoyote ya sheria ukutani, lakini kwa hongo ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuungua hata kidole mikononi mwake.

Siku ninayoisimulia tulikuwa tunajifunza kutambua gesi. Madamu Rehema alituanzishia, kisha akakimbilia darasa lingine. Mzee Ndahani akagawa kichupa kimoja cha amonia kwa kila meza, akatuonya. "Usiingize pua humu. Shika mbali, punga kwa kiganja, kidogo tu, kama unanusa mchuzi wa jirani bila yeye kujua."

Nilikuwa na mdomo siku zile. Nilijigamba kwa Neema, rafiki yangu tuliyekaa meza moja, kwamba pua yangu haishtuki na kitu. Neema akaniambia sina ubavu wa kuinusa. Ni hilo tu. Ningependa nikupe sababu nzito zaidi, lakini haikuwapo. Mzee alipogeukia meza ya nyuma, nilikiinua kile kichupa, nikakiweka puani, nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote.

Nilihisi nimepigwa kofi ndani ya kichwa. Sikuona, sikupumua, na kichupa kilinitoka mkononi kikapasuka sakafuni. Nilipopata fahamu ya kutosha kujua nimefanya nini, nilifanya jambo la pili, nalo sikulifanya kwa kuchanganyikiwa. Nilipiga hatua tatu kwenda dirishani, mbali na vile vipande vya kioo, nikaanza kukohoa pale kama waliokuwa wanaanza kukohoa wengine.

"Sumu!" mtu akapiga kelele. Sijui nani. Miaka mingi nimejiuliza kama nilikuwa mimi.

"Ni harufu tu!" Mzee Ndahani aliita, akifungua madirisha huku na huku. "Ni harufu tu, jamani, tokeni polepole!" Alichukua ndoo akamwaga maji sakafuni, akafanya kila kilichopaswa kufanywa, na kwa utulivu, lakini nani alimsikia? Tulisongamana mlangoni, tukakanyagana. Kengele ikagongwa bila mpango. Nje, karibu na mlingoti wa bendera, Neema alikaa chini akaanza kutetemeka, halafu akalala. Msichana wa pili alimwona, akalala. Wa tatu alikuwa wa kidato cha kwanza, hakuwa hata karibu na maabara, naye akalala. Nikaangalia huku na huku, nikachagua mahali penye nyasi, nikalala na mimi. Sikuwa naumwa popote. Niligundua tu kwamba mtu aliyelala hakuna anayemuuliza maswali.

Habari ilitoka shuleni kwa baiskeli. Ilipofika sokoni tulikuwa mahututi, na ilipofika Ipuli baadhi yetu tulishakufa. Kwetu kila mtu anajua kwamba aliyekunywa sumu hupewa maziwa, na ingawa hakuna aliyekunywa chochote, wazazi walikuja na maziwa ya aina zote, mabichi, ya mgando, mengine kwenye madumu yaliyonuka mafuta ya taa. Tulinyweshwa kwa vikombe na kwa vifuniko vya birika. Mtoto akinyweshwa hivyo, na jua lile, atatapika tu, na kila aliyetapika alionekana ni ushahidi mpya wa sumu, akaongezwa maziwa. Shehe alikuja akasoma, mchungaji akaja akakemea, wakapokezana kwa heshima. Hospitalini muuguzi mmoja mnene alitupima mapigo ya moyo, akatazama mabega yetu yaliyolowa, akauliza kwa hasira, "Haya maziwa yote nani kawapa?" Kwa upande wa amonia hakupata cha kutibu.

Ningeweza kuyamaliza pale. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia baba. Kisha nikamwona akiingia wodini, futi ya kupimia ingali shingoni, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui kilibaki wapi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mbele za watu. "Mwanangu yupo hai," alisema. "Mwanangu yupo hai." Sikuwahi kumwona baba akilia. Nikafikiria Igunga, nikafikiria machozi yale yakikauka na uso ule ukigeuka, nikameza maneno yangu pamoja na maziwa yaliyobaki.

Kesho yake waliniita ofisini. Mkuu wa shule alikuwa nyuma ya meza yake, na kando yake mwenyekiti wa bodi pamoja na bwana mmoja mgeni aliyekuwa akiandika. Waliwahoji wote wa meza yetu mmojammoja. Neema alisema alikuwa ameinamia daftari, na nadhani alisema vile kwa ajili yangu. Ilipofika zamu yangu mkuu wa shule aliniuliza chupa ilipasukaje. Nikasema nilisikia mlio tu. Hakung'ang'ania. Niligundua, kwa nafuu ambayo bado inanitia aibu, kwamba hakuwa anamtafuta mwanafunzi. Wazazi walikuwa wamejaa nje ya dirisha wakitaka mtu mzima.

"Huyu mhudumu," akaniuliza, "aliwahi kutamka maneno yoyote ya kuwatishia?"

Nilikuwa mtoto mtiifu wa maswali. "Alisema iko siku atafungua chupa zote atumalize."

Kalamu ya yule bwana ilisimama. Yeye ndiye aliyeniuliza, tena kwa upole, akinitazama machoni kama mtu anayenifungulia mlango. "Alisema kwa utani, au alisema kwa dhati?"

Nilisikia cherehani ya baba kichwani mwangu, nilisikia wazazi nje. Nilijua jibu kama ninavyojua jina langu. Lakini nilihesabu haraka, jinsi watoto wanavyojua kuhesabu mambo ya kuokoa ngozi zao: ikiwa ni utani, basi ilikuwa ajali, na kama ilikuwa ajali basi wataendelea kutafuta nani aliangusha.

"Sijui," nikasema.

Akaandika.

Baadaye sana Madamu Rehema alinieleza yaliyotokea mzee alipoitwa. Vichupa vyote alivigawa yeye, na alijua vizuri ni meza ipi haikurudisha chupa. Walimwambia kama si yeye, basi ataje mwanafunzi. Alisema, "Maabara ni yangu. Niandikeni mimi." Aliposomewa maneno ya kumaliza Wanyamwezi alicheka, akidhani nao watacheka. Kicheko kile kiliandikwa pia.

Hawakumfunga. Walimwondoa tu, kwa barua fupi. Ili wazazi watulie, mkuu wa shule aliamuru chupa zote za maabara zizikwe kwenye shimo nyuma ya vyoo. Tulizibeba sisi wenyewe, vitambaa vimefungwa puani. Tulizika asidi, tulizika chumvi ya kawaida na unga wa wanga, tulizika hata maji safi kwa sababu lebo yake haikueleweka. Maabara ikawa stoo ya madawati mabovu. Kidato cha nne tulifanya mtihani wa kemia wa kuelezea kwa maneno vitu ambavyo hatukuwahi kuvishika, na mimi leo nafundisha Kiswahili.

Nilionana na mzee siku aliyokuja kuchukua vitu vyake. Tulikutana uso kwa uso getini, koti lake jeupe limekunjwa kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote. Anitukane, anishike sikio, anipeleke kwa mkuu wa shule, ningeshukuru. "Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akapita.

Hakuniita mpagazi. Hakunidai hongo. Alinijibu vizuri, jinsi mtu anavyomjibu mtoto wa watu asiyemjua, na nilirudi nyumbani nikakataa kula.

Alihamia Igalula, kwenye stesheni, akawa anauza karanga na mihogo ya kuchemsha kwa abiria wa treni. Nilijua hivyo nilipokwenda chuo Dodoma. Treni iliposimama Igalula nilimwona akija na beseni lake, amepungua, akipita dirisha kwa dirisha. Mama mmoja niliyekaa naye, mtu wa Tabora, aliwaambia wenzake, "Kwa yule msinunue. Yule ndiye Mzee Sumu, alitaka kuua watoto wa shule." Alilisema bila chuki, kama anayewapa wageni habari za njiani. Jina lilikuwa limemfuata kituo kwa kituo, na yeye kazi aliyoipata ilikuwa ya kuuza chakula. Madirisha ya behewa letu yalifungwa. La kwangu nililifunga mwenyewe, nikainamisha kichwa mpaka treni ikaondoka.

Miaka ikapita, baba akafariki akiwa bado anajivunia kemia yangu. Halafu siku moja Neema alinipigia simu kwamba Mzee Ndahani amefariki na anazikwa Igalula. Nilikwenda. Nilijiambia kwamba safari hii nitasema, mbele ya mke wake, mbele ya watoto wake, nao wanifanye watakavyo. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka baada ya maziko. Mpwa wa marehemu, mtu mzima mwenye sauti, aliponisikia natoka Tabora akasimama. "Kumbe Mnyamwezi yupo! Mtani wenu kalala tangu jana na hakuna aliyemsema! Simama, mpagazi, ufanye kazi yako."

Ndiyo desturi. Mtani msibani ana kazi ya kumsema marehemu, kumwiga, kujisingizia kwamba amemuua yeye, mpaka wafiwa wapate kucheka kidogo. Nikasimama.

"Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi huyu mzee," nikaanza. Kicheko cha kwanza kikatoka nyuma. Nikaendelea. Nikasema chupa niliivunja mimi kwa kiburi cha pua yangu. Wakacheka. Nikasema nililala kwenye nyasi nikijifanya nimekufa, nikanyweshwa maziwa mpaka yakanitoka puani, na hapo wanawake walishikana mabega. Nikasema niliulizwa kama mzee alikuwa anatania, na nilijua kwamba alikuwa anatania, na nikasema sijui. Machozi yakanishuka, na mpwa wa marehemu akapiga makofi akisema, "Tazameni, na machozi anayo! Huyu ni mtani kweli!"

"Ni kweli, jamani," nikasema. "Nawaambia ni kweli."

Walicheka zaidi. Wakanikabidhi jogoo, kwa kuwa mtani haachwi aondoke mikono mitupu, nami nilisimama pale nimemkumbatia jogoo wa wafiwa kifuani.

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba sikumsingizia mtu. Maneno alikuwa ameyasema, na mimi nilichoongeza ni "sijui". Nilijifariji nayo miaka mingi. Pale kwenye mikeka, na jogoo akinipapatikia, ndipo nilipoelewa kile mzee alichokuwa ametukabidhi kila wiki pale mlangoni. Mtu mzima anayewaambia watoto kwamba atawamaliza, na watoto wakapiga makofi, ameiweka heshima yake mikononi mwao. Anaamini kwamba siku akiulizwa na wageni, watasema alikuwa anatania. Hakuwa na ushahidi mwingine ila sisi. Mimi nilikuwa nimeulizwa waziwazi, kwa upole, na mlango umefunguliwa.

Nilipokuwa naaga, binti yake mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini alitabasamu, akanishika mkono. "Asante sana, mama," akasema. "Umetutoa kwenye majonzi. Baba angeyasikia haya, angecheka."

Tulikuwa peke yetu. Hapakuwa na umati wala desturi ya kunizuia. Ilitosha nimshike mkono, nimwambie polepole kwamba yale hayakuwa utani. Nilimtazama usoni, nikaona jinsi alivyopata nafuu.

"Ni kweli," nikamjibu. "Angecheka sana."